Shajara ya mradi: bodi mpya kwa kadi mbili za zamani

Nina mashine ya kupima uimara wa vyuma na plastiki. Inakibana kipande ncha zote mbili, inakivuta polepole hadi kikatike, na kompyuta inachora nguvu iliyotumika kadiri kipande kinavyorefuka. Chuma cha mashine yenyewe kitaishi kuliko mimi. Kinachonisumbua ni kompyuta. Ndani yake mna kadi mbili: moja ya ISA (aina ya kale ya sloti za kadi), ya biti 12, inayosoma kihisi cha nguvu na kugeuza volti kuwa namba, nyingine ya PCI (sloti iliyoifuata ISA), inayohesabu mapigo ya enkoda ya mwendo. Programu ni ya DOS, iliandikwa kwa Turbo Pascal, na msimbo wake wa asili haupo tena. Inazungumza na kadi moja kwa moja kupitia anwani za poti (namba za milango ya vifaa), bila draiva yoyote katikati.

Kila ninayemweleza hunijibu ninunue kifaa cha USB. Jibu hilo maana yake ni kuandika programu upya na kuhakiki vipimo vyote tangu mwanzo. Nitafanya hivyo siku nikishindwa. Kwa sasa natafuta bodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, utakaozipokea kadi hizi.

Naongeza maelezo kila hatua inapokwisha. Bei siandiki, kwa kuwa bei ya vitu vilivyotumika haina maana baada ya mwezi mmoja. Naandika saa nilizotumia na vitu nilivyoharibu.

13 Januari 2024: Bodi ya zamani imekata roho

Ilikuwa bodi ya Pentium ya MHz 133. Kwa miaka miwili ilikuwa inasahau saa na mipangilio ya BIOS (programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi) kila inapozimwa, kwa sababu chipu yake ya saa ni ile yenye betri ndani ya plastiki, ambayo haibadilishiki bila kuipasua. Niliivumilia. Leo haikuwaka kabisa. Kapasita sita karibu na prosesa zimevimba kichwani, na mbili zimevuja hadi zikala njia za shaba chini yake. Nilizibadilisha zote sita, nikaunganisha njia zilizokatika kwa waya mwembamba, ikawaka mara moja, ikaonyesha kiasi cha memori, kisha kimya. Basi.

Jambo moja nililolifanya vizuri: kabla ya kuchomoa chochote nilipiga picha jampa zote za kadi, vile vibanio vidogo vya kuchagua mipangilio. Kadi yangu ya ISA iko kwenye anwani 300 ya heksa (hesabu ya msingi wa 16), IRQ 5 (waya wa kuiita prosesa), DMA 1 (njia ya kupeleka data kwenye memori bila kupitia prosesa). Bila picha hizo ningekuwa nabahatisha, maana maandishi kando ya jampa yamefutika.

Halafu nikachukua lenzi nikaikagua kadi yenyewe, meno ya shaba moja baada ya jingine. Hii ndiyo saa moja yenye faida kuliko zote katika mradi huu, na namshauri kila mtu aanzie hapa. Kwenye ISA jino la kwanza liko upande wa bati la nyuma. Upande wa vipande vya elektroniki unaitwa A, upande wa pili unaitwa B. Katika upande wa B, jino la 3 ni volti +5, la 5 ni −5, la 7 ni −12, la 9 ni +12. Jino la 23 ni IRQ 5. La 17 na la 18 ndiyo DMA 1. Jino ambalo halina njia ya shaba inayotoka kwake, kadi hailitumii. Langu la 5 lilikuwa na njia nene inayokwenda moja kwa moja kwenye vikuza-ishara. Nikaandika: "inahitaji −5". Nikalisahau hilo siku nane baadaye.

Gharama: saa 9, kapasita 6, bodi 1.

21 Januari: Bodi ya Pentium III, na kosa namba 200

Njia rahisi ilikuwa kurudi nyuma kidogo tu. Chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na vifaa vingine) ya Intel 440BX ya mwaka 1998 bado ilikuwa na ISA ya kweli ndani ya chipu yake ya kusini. Mwaka uliofuata Intel walitoa chipseti 810 isiyo na ISA, na kuanzia hapo sloti hizo zikawa jambo la watengenezaji wa bodi za viwandani. Nilipata bodi ya BX yenye sloti mbili za ISA na nne za PCI, nikaipa pawasaplai mpya.

Programu haikufika hata kwenye skrini yake ya kwanza: "Runtime error 200". Wenye kutumia programu za Turbo Pascal wanaijua. Programu inapoanza, inapima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko ndani ya mpigo mmoja wa saa ya kompyuta, kisha inagawanya idadi hiyo kwa 55. Prosesa ikizidi takriban MHz 200, jibu haliingii tena kwenye biti 16, nayo programu inadhani imegawanya kwa sifuri. Kiraka cha kurekebisha kipo na kinabadilisha baiti chache tu ndani ya faili la EXE. Changu kilikataa, kikasema hakioni inachokitafuta. Nilidhani nina toleo jingine la Pascal, nikapoteza jioni nzima. Kumbe faili lilikuwa limebanwa ili kuokoa nafasi ya diski, kama walivyofanya wengi zama hizo. Nikalifungua kwanza kwa programu ya kufumua, nikaweka kiraka, ikakubali. Fanya nakala ya EXE kabla, mimi nilifanya.

Programu ikafunguka, enkoda ikahesabu, nikacheka peke yangu. Kisha nikatazama nguvu: 4095. Nikakigusa kihisi, 4095. Nikakichomoa, 4095. Biti 12 zote zimejaa.

28 Januari: Volti −5 iliyokwenda wapi

Ukisoma nilichoandika tarehe 13 utaona jibu lilikuwa mbele yangu. Pawasaplai za ATX (muundo wa kawaida wa kompyuta za mezani) ziliacha kutoa −5 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na yangu ni mpya. Vikuza-ishara vya kadi vilikosa mguu wa chini, vikakwama juu. Multimita kwenye jino B5 la sloti tupu ilionyesha sifuri.

Dawa ni kidhibiti volti 7905: unakilisha −12, kinatoa −5. Pawasaplai mpya bado hutoa −12, kwa kawaida takriban ampea 0.3, na kadi yangu inakula kidogo sana. Kazi ya dakika ishirini. Ilinichukua Jumapili nzima.

Kosa la kwanza: mikono yangu imezoea 7805. Kwenye 7805 mguu wa kwanza ni wa kuingiza, wa kati ni ardhi, wa tatu ni wa kutoa. Kwenye 7905 wa kwanza ni ardhi, wa kati ni wa kuingiza, wa tatu ni wa kutoa. Nilikifunga kama ndugu yake. Kilipata moto, kikanuka, nikakitupa.

Cha pili nilikifunga sawasawa, nikakikaza kwa skrubu kwenye ukuta wa kesi ili kipoe. Nikabonyeza swichi. Feni ikajitikisa, ikageuka nusu duara, ikasimama. Nikabonyeza tena: nusu duara, kimya. Nikachomoa kadi zote, nikachomoa diski, nikachomoa memori. Nusu duara vilevile. Nilikuwa nimeshaanza kuilaumu pawasaplai ndipo nikakumbuka kuangalia bati la mgongo wa 7905. Kwenye 7805 bati hilo ni ardhi, na kulikaza kwenye kesi hakuna ubaya. Kwenye 7905 limeungana na mguu wa kati. Nilikuwa nimeifunga −12 kwenye kesi kwa skrubu, na pawasaplai ilikuwa inajilinda kila nilipoiwasha. Karatasi ya maika (kihami cha umeme) na bushi ya plastiki chini ya skrubu vikamaliza tatizo.

Waya wa −5 niliuingiza kwenye tundu tupu la plagi ya ATX. Kwenye plagi ya pini 20 ni pini ya 18. Kwenye ya pini 24 ni ya 20. Usiuchomeke kwa kukisia: pima kwanza kwa multimita kama pini hiyo ya bodi inafika B5. Na usichanganye A na B ukiwa umeinama juu ya sloti na taa mdomoni, kwa sababu A5 ni waya wa data.

Nguvu sasa inasoma vizuri. Mashine inafanya kazi.

Gharama: saa 14, vidhibiti 2, kimoja kikiwa kimeungua.

Kwa hiyo kwa nini nisiishie hapa? Kwa sababu nimembadilisha babu kwa mjomba. Bodi ya 1998 ina kapasita za umri uleule na diski za IDE ambazo hazipatikani kirahisi. Hii itakuwa akiba. Naendelea.

17 Februari: ISA ya Pentium 4 ambayo ni nusu ISA

Nilipata bodi ya viwandani ya Pentium 4 yenye sloti tatu za ISA. Muuzaji aliniandikia kwamba ISA "inafanya kazi zote". Chini ya sloti kuna chipu ya IT8888, ambayo ni daraja: upande mmoja inashika PCI, upande wa pili inatoa ISA. Bodi nyingi zenye ISA zilizotengenezwa baada ya 2000 zina daraja la namna hii.

Kwanza IRQ. BIOS iligawa IRQ 5 kwa kidhibiti cha USB, kwa kuwa hakuna aliyeiambia kwamba kuna kadi ya kale inayoihitaji. ISA ya jampa haijitambulishi. Ingia kwenye ukurasa wa PnP na PCI, iweke IRQ 5 iwe ya "Legacy ISA". Dakika tano.

Kisha nikaanzisha DEBUG ya DOS, nikaandika `i 300`, kadi ikajibu. Vizuri. Nikaendesha programu, nikavuta kipande cha majaribio, nikapata mchoro wenye mstari mnyoofu kabisa kwenye sifuri. Kipande kimekatika kwa kishindo, skrini haina habari.

Nilichofanya ni kuchomoa kadi yangu na kuweka kadi ya sauti ya Sound Blaster ya ISA. Hiki ndicho kipimo bora cha ISA ninachokijua, kwa sababu kadi hiyo inatumia poti, IRQ na DMA kwa pamoja, na masikio yako ndiyo osiloskopu. Sauti ikitoka safi, vyote vitatu vizima. Sauti ikirudiarudia kijisehemu kimoja kama kinanda kilichokwama, DMA inafika lakini IRQ haifiki. Ikiwa kimya ilhali kadi inaonekana, shuku DMA. Kwenye BX ilikuwa imetoka safi. Hapa kimya.

Maelezo ni haya. DMA ya ISA inasimamiwa na kidhibiti cha muundo wa 8237 ambacho kimo ndani ya chipseti, mbali na sloti. Daraja la PCI likitaka huduma yake linahitaji nyaya mbili za pembeni, moja ya kuomba na moja ya kuruhusu, ambazo hazimo kwenye PCI ya kawaida. Mtengenezaji wa bodi lazima azichore. Huyu hakuzichora. Kwenye kitabu cha bodi, ukurasa wa mwisho, herufi ndogo: sloti za ISA hazina DMA.

Nawaomba mnaonunua: msiangalie picha ya sloti. Ombeni kitabu cha bodi, tafuteni neno DMA. Lisipokuwepo, chukulieni kwamba haipo.

Gharama: saa 11, na bodi ya pili isiyo na kazi. Hii iliniuma, maana ilikuwa ghali kuliko BX mara nne.

2 Machi: Mchepuko wa PCIe

Nikiwa nimekata tamaa na ISA, niliamua angalau niijaribu kadi ya PCI kwenye kompyuta ya kisasa kupitia adapta ya PCIe, mrithi wa PCI. Adapta ina chipu ya ASM1083. Kadi yangu ni ya volti 5 tu. Utaitambua kwa pengo lake moja lililo mbali na bati la nyuma. Kadi ya volti 3.3 ina pengo karibu na bati, na inayokubali zote ina mapengo mawili. Adapta ilikuwa na sloti ya volti 5, ikaingia bila shida.

Kwenye Linux kadi ilionekana, ikahesabu mapigo kwa dakika kadhaa, kisha hesabu zikaanza kuburuta. Kwenye kumbukumbu za mfumo: `irq 16: nobody cared`. Chipu hiyo inajulikana kwa ugonjwa huo: wakati mwingine haipeleki taarifa kwamba kadi imeacha kuita, mfumo unabaki unasikia mlango ukigongwa na hakuna mtu nje, mwishowe unaifunga IRQ yenyewe. Adapta ya pili, yenye chipu ya XIO2001, haikufanya hivyo kwa siku mbili nzima.

Nikajiuliza kama naweza kuweka daraja la ISA nyuma ya adapta hiyo. Haiwezekani, na ni vizuri kujua sababu kabla hujanunua. Kwenye bodi zenye PCI asilia, anwani ambayo hakuna kifaa kinachoidai husukumwa hadi PCI, na daraja la ISA huiokota huko. Adapta ya PCIe haipokei makombo hayo. Inapewa dirisha lake rasmi, na dirisha la poti haliwezi kuwa dogo kuliko anwani 4096 wala kuanzia katikati. Anwani 300 imo kwenye dirisha la kwanza kabisa, pamoja na kibodi, saa na vitu vyote vya bodi yenyewe. Huwezi kuwahamisha wenyeji wote kwa ajili ya mgeni mmoja.

Kwa hiyo ninachohitaji ni PCI asilia. Kwa upande wa Intel, katika familia ya chipseti za 6, B65, Q65 na Q67 bado zinayo. Katika ya 7, B75, Q75 na Q77. Kuanzia familia ya 8 imeondolewa kote.

23 Machi: ISA kupitia tundu la TPM

Huu ulikuwa mchepuko wa pili, na wa kufurahisha zaidi. Bodi nyingi zina pini za kuwekea TPM (chipu ya usalama), na kwenye bodi za zama za Q77 pini hizo zinabeba LPC. LPC ililetwa na Intel mwaka 1998 kama mrithi wa ISA: nyaya nne za data kwa MHz 33, lakini kwa upande wa programu ni ISA ileile. Upo mchoro wa wazi unaoitwa dISAppointment, unaotumia chipu ya Fintek F85226 kugeuza LPC kuwa sloti ya ISA. Niliijenga.

Nikaweka kadi, nikasoma anwani 300 kutoka Linux:

`dd if=/dev/port bs=1 skip=768 count=1 | xxd`

Jibu: ff. FF ndiyo sura ya njia isiyo na mtu. Waya zote zimeachwa juu. Kwa jioni mbili nilirudia kulehemu miguu ya chipu, nikaosha kwa spiriti, nikalehemu tena. Hakuna kilichokuwa kibaya. Chipseti haipeleki anwani kwenye LPC mpaka uiambie ni zipi. Mstari mmoja:

`setpci -s 00:1f.0 84.l=001c0301`

Namba hiyo inasema: fungua dirisha la anwani 32 kuanzia 300. Nikasoma tena, nikapata 5c. Nilitamani kumwita mtu aje aone, lakini ningemwonyesha nini, herufi mbili?

Hapo ndipo nilipogonga mwamba uleule. DMA kupitia LPC inahitaji waya uitwao LDRQ, na waya huo haukuwepo kwenye pini za TPM za bodi yangu. Ningeweza kuutafuta chini ya chipu nyingine na kuulehemu kwa waya mwembamba kama unywele, lakini mashine hii inatikisika kila kipande kinapokatika. Sitaki kitu cha kuning'inia ndani yake. Na kwenye bodi mpya zaidi, ambako LPC imeachia nafasi eSPI, mrithi wake, njia hii imefungwa kabisa.

Gharama: saa 19. Adapta nimeihifadhi kwa mchezo mwingine.

6 Aprili: Mstari mmoja kwenye faili

Naandika hili kwa aibu. Nilikuwa natafuta kwenye kitabu cha programu, kilichopigwa chapa na kutobolewa matundu pembeni, jinsi ya kubadilisha kiwango cha kusoma. Ukurasa wa nyongeza unaeleza faili la mipangilio. Kuna mstari unaoamua jinsi data inavyotoka kwenye kadi: 0 ni kuiuliza kadi kila mara, 1 ni kwa IRQ, 2 ni kwa DMA. Wangu ulikuwa 2 tangu mashine iliposimikwa.

Ukiangalia sababu, ina mantiki. Programu iliandikwa wakati prosesa ya 386 ilikuwa inahangaika kuchora mchoro na kupokea data kwa wakati mmoja, hivyo DMA ilimbebea mzigo. Mimi nasoma mara 1,000 kwa sekunde. Kwa prosesa yoyote ya miaka ishirini iliyopita hiyo ni kazi ya kidole kimoja.

Nikaweka 1. Nikarudisha bodi ya Pentium 4 iliyokuwa imelala kwenye boksi. Mchoro ukatokea, mzuri kabisa. Miezi miwili nimekimbizana na kitu ambacho sikukihitaji.

Sikubaki na bodi hiyo, hata hivyo. Pentium 4 inapiga joto kama jiko na mashine iko kwenye chumba chenye vumbi la chuma. Lakini sasa mlango umefunguka: bodi yoyote yenye PCI asilia na daraja la ISA inanifaa, DMA au bila DMA.

27 Aprili: Bodi ya Core 2 Duo

Bodi ya viwandani ya ATX, chipseti G41 na ICH7, sloti moja ya ISA na nne za PCI, SATA, DDR3. Kapasita zote ni za polima, zile za kopo lisilovimba. Safari hii niliomba kitabu kwanza.

DOS iliwekwa bila vituko: FreeDOS 1.3, SATA kwenye hali ya IDE, SSD ndogo yenye sehemu ya FAT16 ya GB 2. Kadi ya PCI iliingia na kufanya kazi mara ya kwanza. IRQ 5 nikaihifadhia ISA.

Pini ya 20 ya plagi haifiki B5 kwenye bodi hii; nilipima mara tatu. Nililehemu waya wa −5 nyuma ya bodi, moja kwa moja kwenye mguu wa B5 wa sloti, nikaubana kwa gundi ya moto. Karatasi ya maika ipo.

4 Mei: Vipimo vinavyopotea

Sekunde 10 kwa vipimo 1,000 kila sekunde ni 10,000. Nilipata 9,971. Kisha 9,988. Kisha 9,963. Kwenye mchoro huoni kitu, lakini kipande kinapokatika ndani ya sehemu ya elfu chache za sekunde, vipimo vilivyopotea huenda ndivyo nilivyovihitaji.

Nilishuku kadi, nikabadilisha IRQ, vilevile. Nilishuku SSD, nikaandika kwenye diski ya memori, vilevile. Kisha nikaona kwamba kila nikigusa kibodi idadi inazidi kushuka. Nikashika kitufe kimoja kwa sekunde zote kumi: 9,702.

Kibodi ni ya USB. DOS haijui USB. Kinachofanya ionekane kama kibodi ya zamani ni BIOS, ambayo kila mara inaisimamisha prosesa kimyakimya, inazungumza na USB, kisha inairuhusu iendelee. Programu haiwezi kuona wala kuzuia usimamishaji huo. Inachoona ni kwamba muda umeruka. Nilitafuta kibodi ya PS/2, nikaingia BIOS, nikazima "USB Legacy Support". 10,000. Nikarudia mara kumi: 10,000 kila mara.

Angalizo kwa atakayefuata: hakikisha PS/2 inafanya kazi kabla ya kuzima. Kinyume chake utabaki unaitazama BIOS usiyoweza kuibonyeza, mpaka ufute mipangilio kwa jampa.

18 Mei: Uzani na kelele

Nilitundika uzani wa kilo 5, 10, 20 na 50 kwenye kihisi, nikalinganisha na daftari la mashine ya zamani. Kadi inapima kutoka volti −5 hadi +5 kwa hatua 4,096, yaani takriban milivolti 2.44 kila hatua. Tofauti kubwa niliyoipata ni hatua 3, na nyingi ni 0 au 1. Hilo linanitosha.

Kelele ndiyo iliyonikera. Zamani namba ilikuwa inacheza hatua 1 juu na 1 chini bila mzigo. Sasa ilikuwa inacheza 6. Kosa ni langu: waya wa −5 una urefu wa sentimita 30 kutoka kwenye kidhibiti hadi kwenye sloti, unapita karibu na feni, na kapasita zote niliziweka kwenye ncha ya kidhibiti. Niliongeza ya mikrofaradi 100 na ya 0.1 kwenye mguu wa sloti wenyewe, nikazungusha waya upande wa pili wa kesi. Ikashuka hadi 2. Nikijaaliwa jioni nyingine tupu nitasogeza kidhibiti chote jirani na sloti.

Jumla mpaka leo: saa 78, bodi 4, vidhibiti 3, adapta 3. Ukiondoa michepuko na ukurasa ambao sikuusoma, ilikuwa kazi ya saa kama 25.

Leo mchana nilivuta vipande kumi na viwili vya alumini mfululizo. Cha saba kiliteleza kwenye taya, hilo ni tatizo la taya. Bodi ya BX nimeitia kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli pamoja na 7905 yake, nakala ya EXE yenye kiraka, picha za jampa, na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa kalamu nene: MSTARI WA DATA = 1.